Mtoto Aliyekataa Kugeuka

Mwanangu alipoingia darasa la nne alikuwa na ujanja mmoja ambao sikuugundua mapema: alikuwa hasomi, anakumbuka. Mwenzake wa dawati akisoma ukurasa kwa sauti, yeye aliushika wote kichwani. Akiinuliwa yeye, alishika kitabu, akapeleka kidole chini ya mistari na kuutoa ukurasa mzima bila kukosea. Nilikuja kumkamata nyumbani, siku kidole chake kilipokuwa bado kwenye habari za ng'ombe huku mdomo umeshafika kwa mbuzi, upande wa pili wa karatasi.

Miaka hiyo nilikuwa nafundisha elimu ya watu wazima hapa Newala. Alasiri, wanafunzi wa shule ya msingi wakishakwenda zao, chumba kimoja kilikuwa chetu: mimi, ubao, na akina mama waliotoka shambani na vumbi jekundu bado miguuni. Nilikuwa nimewafundisha wanawake wenye wajukuu kusoma majina yao, kisha majina ya wanao, kisha barua za waume waliokwenda mbali kutafuta. Kwa hiyo utaelewa nilivyojisikia kurudi nyumbani na kumkuta wa kwangu anashindwa kutofautisha b na d. Nilimfundisha kwa chaki, nikamfundisha kwa kijiti mchangani, nikapanga maganda ya korosho sakafuni yawe herufi. Leo anajua, kesho hajui. Wala hakuwa mjinga. Hesabu za kichwa alinishinda mimi, na hadithi ukimsimulia mara moja, mwezi ujao anakusahihisha ulipokosea.

Mwisho wa mwaka ule palikuwa na mtihani wa darasa la nne, na aliyeshindwa alirudia. Kwa mtoto mdogo kurudia si msiba. Lakini wangu alikuwa ametoka jandoni likizo iliyotangulia, na huku kwetu mvulana akitoka jandoni amevuka. Anapewa jina jipya, la utotoni linabaki kule kule porini, na hategemewi tena kuchezacheza na wadogo. Niliwahi kuwaona wavulana wa namna hiyo waliorudishwa darasa. Walivumilia kwa muda, magoti yamebanwa na madawati ya watoto, kisha siku moja hawakuonekana. Ukiuliza, unaambiwa wako kwenye mikorosho. Hawakurudi. Hilo ndilo nililoliogopa, na mwaka ulikuwa unakwenda.

Watu walinishauri, na mimi sikukataa ushauri wa mtu. Jirani mmoja alisema mtoto ale vichwa vya samaki, kwa kuwa akili ya samaki iko kichwani. Tukanunua samaki wakavu waliopanda kutoka pwani, akala mpaka akawachukia. Shangazi yake akaleta kombe, wino wa aya uliooshwa kwenye maji ya kunywa. Wifi yangu wa upande wa kanisa akamfanyia maombi ya wiki nzima. Dukani palikuwa na mafuta ya ini la samaki kwenye chupa yenye picha ya mtoto mnene wa Kizungu, nayo tukayajaribu. Sikuyadharau hata moja. Mtu anapokuletea mtoto wako dawa anakuletea pia huruma yake, na huruma sikuwa nayo ya kutupa. Ila b ilibaki b leo na d kesho.

Ndipo kaka yangu aliposikia habari za Masasi.

Hapa nieleze kidogo. Kwetu huku juu mlimani, mjomba wa mtoto si mgeni wa kuleta zawadi sikukuu. Ndiye mwenye neno. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, mtu mpole, na kila nilipomuuliza tufanyeje alijibu, "Muulize kaka yako, mimi nitakubali." Na kaka yangu katika miaka ile alikuwa mtu wa kuulizwa. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Kabla yake korosho zilikuwa na mnunuzi mmoja tu. Sasa alikuwa ameruhusiwa yeyote mwenye mizani na gari, na kaka yangu alikuwa na vyote viwili. Aliipenda enzi ile ya ruksa kama mtu aliyefunguliwa kutoka kwenye chumba chenye joto. Kila kilichokuja dukani alikinunua kwanza, kisha akauliza kinafanya nini.

"Mdogo wangu," aliniambia, "dunia imefunguka, wewe bado unahangaika na chaki. Masasi kuna mtaalamu. Anatibu watoto wagumu kuelewa. Kwa kaseti."

"Kaseti za nini?"

"Za muziki. Muziki wa kufungua sikio. Mtoto anavaa vile vya masikioni, anasikiliza, ubongo unakaa sawa. Sasa wewe kataa."

Sikukataa. Lakini niliuliza kwa muda gani. Akasema muhula mzima, mtoto analala palepale, chakula wanatoa wao. Nikamwambia muhula mzima ndio huu wenye mtihani. Akasema, "Na akiufanya hivi alivyo, atapita?" Jibu nililijua.

Tukashuka Masasi kwa gari lake, sisi watatu kwenye kiti cha mbele. Njia nzima mtoto alitazama barabara tu. Alijua anakwenda kuachwa.

Kituo chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, vyumba viwili na kibaraza. Ndani watoto walikaa kwenye jamvi, kila mmoja na waya umeshuka kutoka kichwani kwenda kwenye redio kubwa ya kaseti. Msaidizi alinivalisha nami kidogo nisikie. Ulikuwa muziki wa vinanda, umekwaruzwa kwa makusudi. Sauti nzito imeondolewa, imebaki nyembamba, inapotea na kurudi kama nyuki ndani ya debe. Mtaalamu alikuwa kijana bado, mtu wa mikoa ya mbali, amefika Masasi muda si mrefu. Koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Watu walimwita daktari naye akawasahihisha kila mara: "Si daktari, mama. Mtaalamu tu." Hilo lilinifanya nimwamini zaidi.

Alinieleza kwa upole. Alisema mtoto asiyeweza kusoma mara nyingi hana tatizo la macho. Maneno yanaingia sikioni lakini yanachelewa njiani, yanafika kwenye ubongo yamechanganyika. Muziki ule unalifanyisha sikio mazoezi mpaka njia inanyooka. Nilimuuliza amejuaje. Akasema amejifunza kwa masomo ya posta, na ameona mwenyewe watoto wakibadilika. Kisha akaniuliza habari za uzazi: nilijifungulia wapi, mtoto alilia mara moja au alichelewa, alipewa jina gani, alianza kutembea lini. Mtoto na mjomba wake walikuwa nje. Nilijibu yote, jina nikalitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anavyotaja ugonjwa uliokwisha pona.

Kipimo kilifanywa mlango umefungwa. Sisi wazazi tulingoja kibarazani kwenye benchi, na huko mabishano yalikuwa makali. Mama mmoja wa Lukuledi alikuwa amekuja kumtazama binti yake mdogo. Alikuwa na imani isiyotikisika.

"Mtoto alikuwa hasemi vizuri, leo anaimba!" alisema. "Nyinyi bisheni."

Mzee wa Chiwata aliyemleta mjukuu alicheka puani. "Mjukuu wangu nyumbani anaimba bila kaseti. Tatizo anaimba wakati wa kulima."

"Basi umemleta wa nini?"

"Mke wangu kanituma. Kwani wewe ungeweza kumbishia?"

"Shikamoo yake huyo bibi," kaka yangu akadakia, na benchi zima likacheka. Kisha akageuka kwangu, sauti imekuwa ya kweli. "Umesikia? Mtoto anaimba."

Nilisikia. Nilisikia pia kwamba binti yule, kabla ya kuletwa, alikuwa anaumwa masikio na kutoka usaha, na msaidizi wa kituo alimpeleka hospitali yakasafishwa wiki ileile ya kwanza. Mama yake aliyasema yote hayo mwenyewe, kwa pumzi moja. Sikumkatiza. Anayemshukuru mtu kwa ajili ya mwanawe humkatizi. Lakini nilijiuliza moyoni: kati ya muziki na muuguzi wa hospitali aliyeosha masikio, shukrani imwendee nani?

Mlango ukafunguliwa. Mtaalamu alitoka na uso wa mtu anayeleta habari nzito. Alisema amekaa nyuma ya mtoto na kumwita jina lake, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti ya kawaida, kisha kwa nguvu. Mtoto hakugeuka, hakutikisika. "Si kiziwi," alisema, "kwa sababu nilipogonga meza aligeuka. Kelele anasikia. Neno, hata jina lake mwenyewe, halifiki. Hali kama hii muhula mmoja huenda usitoshe."

Mtoto asiyejua herufi unaweza kumfundisha. Mimi kazi yangu ilikuwa hiyo. Lakini mtoto ambaye jina lake haliingii?

Tulilala kwa mama mdogo pale Masasi. Jioni, tunachambua mchele uani, nilimuuliza taratibu, "Mwanangu, leo mtaalamu alipokuita, ulisikia?"

Akaendelea kuchambua. "Hakuniita."

"Alikuita, baba. Mara nyingi."

"Mimi hakuniita."

Nikageuza uso asinione. Jibu lile nililichukua kuwa ndilo ugonjwa wenyewe unaosema.

Asubuhi tulirudi kituoni na furushi la nguo zake. Kaka yangu alikuwa ameshakubaliana na mtaalamu. Nikaomba kitu kimoja tu: kabla sijamwacha, nikione kipimo kwa macho yangu. Mtaalamu hakupenda, alisema mtoto husumbuka mama akiwepo. Nikamwambia, "Mwalimu mwenzangu, na mimi nafundisha. Nikiona, nitajua namna ya kumsaidia akirudi." Alipoitwa mwalimu alilainika. Akaniweka kwenye kigoda pembeni ya mlango. Kaka yangu akabaki amesimama kizingitini, funguo za gari mkononi.

Mtoto alikaa kwenye kiti, ametazama ukutani. Mtaalamu akaenda nyuma yake, akainama kidogo, akanong'ona.

Akanong'ona lile jina la utotoni.

Nilitaka kuruka. Jina hilo nililichagua mimi, nililiita uani kwa miaka, nikaliimba nikimbembeleza. Tangu siku aliyotoka jandoni sikuwahi kulitamka mbele yake, wala hapa silitaji. Kwetu ukimwita aliyevuka kwa jina lake la zamani unamtukana. Unamwambia wewe bado mtoto, hukwenda kokote. Mwenyewe anafundishwa la kufanya: asiitike, asigeuke, awe kama hajasikia, kwa kuwa mwenye jina hilo hayupo tena.

Mtaalamu akaita kwa sauti ya kawaida. Sasa nilijua pa kuangalia. Niliona shingo ya mwanangu ikikaza. Niliona vidole vya miguu vikikamata sakafu. Alikuwa anasikia kila silabi, na kila silabi aliizuia kwa nguvu zake zote. Mtaalamu akajaza kifua ili aite kwa nguvu.

"Bwana wee!" Kaka yangu aliingia na funguo zake zikilia. "Bwana, unamtukana mtoto!"

Mtaalamu alishtuka. "Namtukanaje? Namwita jina lake."

"Jina la nani? Huyo unayemwita ni marehemu!"

"Marehemu?"

"Tulimwacha porini. Mimi mwenyewe nilikuwepo."

Maskini, yule kijana alibadilika rangi. Nadhani kwa nukta chache aliamini kweli tumeua mtu. Nikasimama nikamshika mkono, nikamketisha kwenye kigoda changu, nikamweleza pole pole kama ninavyoeleza darasani: kwamba jana aliniuliza mtoto alipewa jina gani alipozaliwa, nami nilijibu nilichoulizwa, kwamba sasa ana jina lingine, na kwamba mvulana huyu hakushindwa kipimo, amekipita kipimo kingine kigumu zaidi ambacho mtaalamu hakujua anakitoa.

"Basi niambieni hilo jipya," alisema.

Kaka yangu akamnong'oneza. Mtaalamu akarudi nyuma, safari hii mbali, hadi dirishani. Mtaani palikuwa na mtu anapiga nyundo. Akalitamka jina kwa sauti ndogo kiasi kwamba mimi mwenyewe nililisikia nusu.

Mwanangu akageuka kabla halijaisha. "Naam?"

Nilicheka huku machozi yanashuka. Kaka yangu alimkazia macho mpwa wake.

"Mjomba, na wewe! Jana yote unaachia watu wanahangaika. Mbona hukusema?"

"Mjomba, si ninyi mliniambia nisiitike? Mkasema hata akiita nani."

"Hata akiita nani, ndiyo, lakini..." Kaka yangu akatafuta mwisho wa sentensi, akaukosa. "Haya. Umefanya vizuri."

Nataka kumtendea haki yule mtaalamu, kwa sababu kilichofuata kilikuwa chake. Angeweza kusema kipimo kimoja si kitu, akatuwekea kingine, na kaka yangu angekubali. Badala yake alirudi kutoka dirishani, ameshika kiuno. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hawa wavulana wengine niliowapokea kutoka huko juu, nao wanabadilishwa majina?"

"Waliotoka jandoni, wote."

"Na mimi wazazi wao niliwauliza vilevile. Jina la kuzaliwa." Alifikiri tena. "Mwisho wa muhula ninawapima upya. Lakini wakati huo nimeshakaa nao, ninawaita kama wenzao wanavyowaita."

"Na wanageuka."

"Wanageuka wote," alisema. "Nami ninaandika: sikio limefunguka."

Hakuna aliyemcheka, hata kaka yangu. Nilimwonea huruma kwa kweli. Hakuwa amemdanganya mtu. Aliona watoto wasiogeuka wakigeuka, mbele ya macho yake, muhula baada ya muhula, nani asingeamini? Kilichobadilika hakikuwa sikio la mtoto, kilikuwa neno mdomoni mwa mpimaji.

Aliniambia bado anaamini muziki una faida. Alimtaja yule binti wa Lukuledi, ambaye ni mdogo na hajachezwa unyago, na jina lake ni moja tu. Nikamwambia huenda ni kweli, sijui. Nikamwambia pia habari ya masikio yaliyooshwa. Akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Tukaagana vizuri. Alisema kuanzia siku hiyo atauliza, "Mtoto anaitwaje sasa?" Nikamjibu kwamba hilo peke yake litawaponyesha watoto wengi.

Uamuzi ulikuwa wa kaka yangu, na wote tulijua. Alisimama kando ya gari, ametazama lile furushi la nguo. Mtoto alimtazama yeye. Mimi nilitazama chini.

"Mtihani ni lini?" aliuliza.

Nikamwambia.

"Panda gari," akamwambia mpwa wake. "Na hilo furushi lako. Unadhani nani atakubebea?"

Sijawahi kuona mtoto akipanda gari haraka namna ile. Tulipoanza kupanda mlima kurudi kwetu, upepo wa juu ukaanza kuingia dirishani, nilijikuta navuta pumzi hadi chini kabisa tumboni, na nikatambua kwamba kwa miezi nilikuwa navuta nusu. Mwanangu hakuwa amefungwa mlango kichwani. Alikuwa mtoto mwenye nidhamu asiyejua kusoma. Watu wa namna hiyo mimi nilikuwa nao darasa zima, umri wa bibi zake.

Na huko ndiko nilikompeleka. Si kwa hekima kubwa. Alasiri sikuwa na mtu wa kumwachia, na nyumbani tulipokaa wawili na kitabu tulikuwa tunagombana. Darasani kwa akina mama aliingia kama mwanafunzi mgeni, akakaa benchi la nyuma, na akakuta kitu ambacho shuleni hakikuwepo: watu wazima wanakosea hadharani na hakuna anayekufa.

Jirani yake wa benchi alikuwa bibi mmoja Mmakua aliyeolewa huku juu. Kimakua alichokulia nacho hakina sauti ya b. Nilikuwa nimeandika ubaoni, "Baba analima." Bibi akasimama, akapaza sauti, akasoma, "Papa analima."

"Papa gani huyo anayelima?" mwenzake akauliza. "Maji ya kunywa yenyewe hatuna, papa ataogelea wapi?"

Mwanangu akacheka mpaka akashika tumbo. Bibi akamgeukia. "Cheka, mume wangu, cheka. Zamu yako inakuja."

Zamu yake ikaja. Neno lilikuwa "dada". Akalitazama sana, akasema, "Baba."

"Salaala!" bibi akapiga makofi. "Dada wa watu umemwotesha ndevu!"

Alicheka na yeye. Nilimwangalia kwa hofu nikitegemea ule uso uliofungwa aliokuwa nao shuleni, sikuuona. Akarudia, "Da. Dada," na bibi akamwambia, "Hapo sasa. Wewe niangalizie baba wangu, na mimi nikuangalizie dada yako."

Wakawa wanafanya hivyo kweli. Bibi alijua umbo la herufi lakini sauti ilimponyoka. Mtoto alijua sauti lakini umbo lilimgeukia. Kosa lilionekana moja, njia zake zilikuwa mbili. Nilijifunza kwao kitu ambacho miaka ya ubaoni haikunifundisha: mtu akikosea, usikimbilie kusahihisha, kwanza jua amepitia wapi. Nikapunguza mwendo. Nikampa silabi chache, zilezile, kila siku, kwa maneno aliyoyatumia mdomoni: mhogo, mbaazi, dumu, bunda. Nikaziba mstari wa chini kwa karatasi ili asiweze kukimbilia kwenye kumbukumbu. Siku nyingine alikwama palepale alipokwama jana, nikasema sawa, kesho tena.

Wazazi huniuliza hadi leo, maana vituo vya namna ile havikwisha. Vilibadilisha tu vifaa. Kuna miwani ya rangi, kuna vidonge, kuna mazoezi ya kutambaa. Huniuliza, "Mwalimu, hii inafanya kazi?" Siwakatishi tamaa wala siwatii moyo wa bure. Huwauliza mtoto alipoanza tiba hiyo, ni nini kingine kilianza nyumbani. Mara nyingi mtu anakumbuka kwamba tangu siku hiyo baba anakaa na mtoto jioni, au ameacha kuchapwa, au anakunywa uji kabla ya kwenda shule. Basi nasema, hayo usiyaache, hata ukiacha vidonge. Na kama mtu anaapa kwamba ni miwani, namwomba amsomeshe mtoto kwa miwani hiyo siku moja, na kwa miwani ya rangi nyingine siku ya pili, bila kumwambia mtoto ipi ndiyo ya tiba. Wengine wanafanya. Wengine wanaogopa, na ninawaelewa. Tumaini ni kitu kigumu kukipima.

Mwanangu hakuponywa na kitu chochote. Nasema hivyo kwa uwazi kwa sababu hadithi yake ikisimuliwa na kaka yangu huonekana kama muujiza wa siku moja. Bado anasoma polepole, mtu mzima sasa, na barua ndefu anaiweka kando kwanza, anaipitia baadaye akiwa ametulia. Lakini anasoma. Mtihani ule wa darasa la nne alipita kwa tabu, chini kabisa ya waliopita, na kaka yangu akachinja beberu kana kwamba ameongoza mkoa.

Alasiri ya siku ile ya matokeo, nikiwa nachukua chaki zangu, mwanangu alisimama mlangoni bila viatu.

"Mama, leo lazima niende darasani kwako?"

"Unataka kwenda wapi?"

"Wenzangu wa darasa wana mpira."

Wenzangu wa darasa, alisema. Nikamwambia aende, akapotea kabla sijamaliza neno.

Darasani akina mama walikuwa wameshakaa. Bibi wa Kimakua alitazama nafasi iliyo wazi kando yake.

"Mume wangu yuko wapi leo?"

"Yuko mpirani."

"Amepita?"

"Amepita."

Akasogea katikati ya benchi, akanyoosha miguu, akalegeza kanga begani.

"Basi andika, mwalimu. Sasa nafasi ipo."